Je, Uzuri wa Mwanadamu Una Mizani?

Hapa Usukumani ipo kauli ambayo kila aliyekulia Magu, Kwimba au Misungwi ameisikia: binti mweupe huongezewa ng'ombe. Watu wa mikoa mingine huitaja kwa utani, wazee wanaojadili mahari huitaja kwa uzito zaidi, na mabinti weusi, ambao hawakuombwa maoni na upande wowote, huitaja kwa uchungu. Siandiki kuhesabu ni familia ngapi zinaifuata leo, maana familia hutofautiana na nyakati zimebadilika. Kinachonishughulisha ni dai lililojificha ndani yake. Anayeongeza ng'ombe kwa sababu ya rangi anadai, hata kama hatamki, kwamba uzuri umo ndani ya ngozi ya mtu kama uzito ulivyomo ndani ya gunia, na kwamba macho yake ni mizani tu inayosoma kilichopo.

Je, dai hilo ni kweli? Wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, na wanafunzi wangu hulijadili kila muhula, mara nyingi kwa kelele. Wapo wanaosema uzuri ni jambo la yakini: upo, unapimika, na anayeukana ana wivu au ana upofu. Wapo wanaojibu kwa maneno ya wahenga kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, wakimaanisha kuwa uzuri wote umo machoni mwa apendaye. Kila upande hudhani umeufunga mjadala. Nitajaribu kuonesha kwamba kila upande umeshika kipande cha ukweli, kwamba kila upande ukiachwa peke yake huleta madhara yanayoonekana hapahapa Kanda ya Ziwa, na kwamba tunaweza kuhukumu vigezo vya uzuri bila kujidai tuna mizani na bila kukata tamaa ya kuhukumu.

Pamba ina daraja, je, mtu?

Tuanze na pamba, kwa kuwa ndiyo iliyotusomesha wengi wetu. Mkulima anapofikisha pamba kituoni, hufanyiwa mambo mawili. Kwanza hupimwa uzito. Kilo hamsini ni kilo hamsini, mnunuzi awe mwema au mkorofi. Mizani ikichezewa tunaweza kusema imechezewa, kwa sababu uzito wenyewe haukubadilika. Huo ndio uyakini kamili.

Pili, pamba hupangwa daraja: safi huku, fifi kule. Daraja halifanani na uzito. Pamba nyeupe, kavu na isiyo na takataka huitwa bora kwa sababu kiwanda kinataka uzi imara unaopokea rangi vizuri. Kiondoe kiwanda, na daraja linapungua maana; anayetaka kujaza mto anaweza kuridhika na fifi. Hata hivyo daraja si uamuzi wa ovyo. Mkishakubaliana juu ya kazi ya pamba, mnaweza kubishana kwa hoja, na mmoja wenu akathibitika kuwa amekosea.

Uzuri wa mtu ni wa aina ipi? Ule wa uzito hatuwezi kuudai, maana hakuna chombo kinachosoma uzuri kama kinavyosoma kilo. Wanaodai yakini kwa kawaida huhamia aina ya pili bila kutuarifu. Watasema mwili fulani ni mzuri kwa uzazi, sura fulani ni nzuri kwa kutangaza bidhaa, rangi fulani humpandisha mume hadhi. Kila mara, nyuma ya daraja kuna kiwanda. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu pamba hulimwa kwa ajili ya kiwanda, ilhali mtu hakuzaliwa kwa ajili ya matumizi ya mtu mwingine. Ukisikia mtu amepangwa daraja, swali la kwanza la kuuliza ni hili: kiwanda ni cha nani?

Majirani zetu Wahadza

Haki inatudai tuusikilize upande wa yakini kwa hoja zake bora, tusiupige ukiwa umelala. Hoja hizo zipo. Mwaka 1987, Judith Langlois na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba watoto wachanga, ambao hawajaona tangazo wala jarida, hutazama kwa muda mrefu zaidi nyuso zile ambazo watu wazima walizitaja kuwa za kuvutia. Watafiti wengine wamegundua mara nyingi kwamba uso ambao pande zake mbili zinalingana hupendwa kuliko uso uliopinda, na kwamba ngozi isiyo na dalili za maradhi hupendwa kuliko ngozi yenye dalili hizo. Kuna jambo hapa ambalo halikuletwa na meli wala televisheni.

Ushahidi unaotuhusu zaidi uko jirani. Wahadza, wawindaji na waokotaji wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, wanapakana na Wasukuma upande wa Meatu. Mwaka 2001, Frank Marlowe na mwenzake Adam Wetsman waliwaonesha wanaume wa Kihadza michoro ya wanawake wenye maumbo tofauti. Wakati huo ilikuwa imeenea nadharia kwamba wanaume wa dunia nzima hupenda kiuno chembamba kilichoachana sana na nyonga. Wahadza hawakuifuata nadharia hiyo. Walipendelea wanawake wanene kuliko wale waliochaguliwa na Wamarekani, na kiuno chembamba hakikuwasisimua. Mahali ambapo chakula hutafutwa kila siku porini, mwili wenye akiba una maana ambayo mkazi wa mji wenye maduka kila kona haioni.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2005 watafiti walirudia swali kwa michoro iliyomwonesha mwanamke kwa ubavu badala ya mbele, na safari hii Wahadza walipendelea umbo lenye makalio yaliyojitokeza zaidi kuliko lile walilochagua Wamarekani. Yaani watu walewale, wakiulizwa jambo lilelile kwa pembe nyingine, walitoa jibu ambalo liliwalazimu wataalamu kuisahihisha nadharia upya. Kisha mwaka 2007, Coren Apicella, Anthony Little na Marlowe walichapisha utafiti kuhusu nyuso. Walichanganya picha za nyuso nyingi kuwa uso mmoja wa wastani. Waingereza waliupenda uso wa wastani wa Kizungu na ule wa Kihadza. Wahadza waliupenda uso wa wastani wa Kihadza, lakini ule wa Kizungu haukuwavutia kwa namna hiyo. Tafsiri ya watafiti inaeleweka: jicho hujifunza wastani kutokana na nyuso linazozoea kuziona. Waingereza wa leo wameona nyuso za kila aina, Wahadza wameona za kwao.

Kutokana na hayo napata picha ifuatayo. Uzuri una sakafu ambayo binadamu wengi wanaichangia: afya, ulinganifu, uhai unaoonekana usoni. Juu ya sakafu hiyo, kila jamii imejenga nyumba yake, na hata jicho lenyewe linalotazama hufinyangwa na nyumba lilimolelewa. Anayetaja sakafu ili kuhalalisha nyumba yake amefanya hila. Ulinganifu wa uso hausemi lolote kuhusu rangi ya ngozi, urefu wa nywele wala namba ya nguo.

Nyumba tulizojenga na kubomoa

Hatuna haja ya kwenda mbali kuona nyumba zinavyotofautiana. Wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu na kuchanja nyuso zao, na asiye na alama hizo alionekana hajakamilika. Wamasai walirefusha ndewe za masikio. Waswahili wa pwani na bara husifu shingo yenye pingili, macho ya gololi, vishimo vya mashavuni na mguu wa bia. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki husifu mwanya katikati ya meno ya mbele, na wapo waliochonga meno ili waupate. Daktari wa meno katika nchi nyingine huuita mwanya huohuo kasoro na kutoza fedha nyingi ili auzibe. Jino ni moja na nafasi ni ileile. Kilichobadilika ni nyumba.

Historia ya nchi yetu inatoa funzo kubwa zaidi, kwa sababu dola yenyewe iliwahi kujaribu kuwa mizani. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililokuja kujulikana kama Operesheni Vijana, la kupiga marufuku kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Sababu iliyotolewa ni kwamba mambo hayo yalikuwa ya kigeni na ya kudhalilisha utamaduni wa Mwafrika. Mabinti walivamiwa vituoni na mitaani Dar es Salaam, nguo zao zikachanwa. Miaka ileile, serikali ileile iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai ngozi na lubega, wakitakiwa wavae suruali na kuacha kujipaka udongo mwekundu, kwa sababu mwonekano wao ulihesabiwa kuwa wa kizamani na wa kulitia taifa aibu.

Tafakari mambo hayo mawili kwa pamoja. Binti wa mjini aliambiwa amezidi ugeni, Mmasai akaambiwa amezidi uasili. Kama kungekuwapo kipimo cha yakini cha mwonekano wa Mwafrika, kisingeweza kuwahukumu wote wawili kwa sababu zinazopingana. Kilichokuwapo ni picha ya raia wa kisasa iliyokuwa vichwani mwa viongozi wachache, wengi wao wanaume waliosoma, nayo ikaitwa utamaduni wa taifa. Nasema haya nikitambua kwamba katazo la krimu za kujichubua lilikuwa na hekima ndani yake. Lakini hekima hiyo ilifungwa kwenye kifurushi kimoja na udhalilishaji wa wanawake, na vijana wa wakati huo walikumbuka udhalilishaji zaidi ya walivyokumbuka hekima.

Umati wa Bulabo na kalamu ya jaji

Wapo watakaosema kwamba mashindano ya urembo yana vigezo, majaji na alama, na kwamba mahali penye alama pana yakini. Jibu langu nalichukua Kisesa. Katika sherehe za Bulabo zinazofanyika Bujora kila mwezi Juni, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kwa desturi ya Kisukuma: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Umati unahesabika. Hakuna anayebisha kwamba watu walikuwa wengi upande huu kuliko ule. Hata hivyo hakuna Msukuma mwenye akili timamu anayedhani kwamba ushindi wa leo umethibitisha kwa yakini kuwa ngoma ya Bagalu ni nzuri kuliko ya Bagika hadi mwisho wa dunia. Mwaka ujao wanarudi uwanjani. Hesabu ni ya yakini. Kinachohesabiwa ni mapenzi ya watu wa siku hiyo.

Mashindano ya urembo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba badala ya umati wanaketi watu wachache wenye kalamu. Miss Tanzania wa kwanza alipatikana mwaka 1967. Baadaye mashindano yakasitishwa kwa kuonekana hayaendani na siasa ya ujamaa, yakarejeshwa mwaka 1994. Mwaka 2005 Nancy Sumari alitwaa taji la Afrika katika fainali za Miss World zilizofanyika China, na taifa zima likashangilia. Mwaka 2007 Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, alipanda jukwaa la Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora.

Kichwa kile kinastahili kutazamwa kidogo. Katika shule nyingi za umma nchini, msichana hutakiwa kunyoa ili awe nadhifu na asijishughulishe na urembo. Katika mila zetu nyingi, kunyoa ni alama ya msiba. Jukwaani Mexico, kunyoa kulikuwa urembo wenyewe. Maana tatu zimekaa juu ya kichwa kimoja, na hakuna hata moja iliyotokana na kichwa hicho. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2019, Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alitwaa taji hilo akiwa na nywele fupi za asili. Ama uzuri wa dunia ulibadilika ghafla, ama majaji walibadilika. Naamini ni majaji.

Krimu mbili

Hadi hapa mtu anaweza kuniambia kwamba nazungumzia mambo mepesi ya mitindo. Sivyo. Kipimo cha rangi kina gharama ya mwili na, katika kanda yetu, gharama ya damu.

Magu iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua hupiga kwa nguvu mwaka mzima. Weusi wa ngozi zetu unatokana na melanini, kinga iliyotulinda dhidi ya jua hilo kwa maelfu ya miaka. Anayejipaka mkorogo anaivua kinga hiyo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya sabuni na krimu huzuia ngozi kutengeneza melanini, na pia huingia mwilini ikadhuru figo na mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela huweza kuacha mabaka meusi yasiyofutika. Dawa kali za jamii ya steroidi huikondesha ngozi mpaka kidonda kidogo kinachelewa kupona. Zebaki hiyohiyo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kunasa dhahabu, na kila mtu anajua kwamba ni sumu inapokuwa machimboni. Ikitiwa kwenye kopo lenye picha ya mwanamke anayetabasamu, tunaiita kipodozi.

Sheria haikunyamaza. Tangu Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao unavihusu. Lakini mkorogo haujatoka magulioni. Katazo hukamata kopo, halikamati kauli ya ng'ombe wa mahari. Maadamu weupe una bei, atapatikana wa kuuuza.

Sasa itazame krimu ya pili. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua, kwa sababu miili yao haitengenezi melanini ya kutosha na saratani ya ngozi huwawahi wakiwa bado vijana. Losheni hiyo ni uhai, nayo haimfikii kila anayeihitaji. Hivyo nchi moja ina krimu mbili. Moja inamrudishia mtu kinga aliyonyimwa na maumbile, na haitoshi. Nyingine inamvua mtu kinga aliyopewa na maumbile, nayo imejaa sokoni licha ya sheria.

Hapa ndipo dai la kwamba weupe ni uzuri wa yakini linapojivunja lenyewe. Kama weupe wa ngozi ndio uzuri, mtu mwenye ualbino angekuwa wa kwanza kusifiwa Usukumani. Badala yake ameitwa zeruzeru, amefichwa na wazazi, na tangu katikati ya miaka ya 2000 amewindwa na kukatwa viungo ili wavuvi, wachimbaji na wenye tamaa ya vyeo wauziwe bahati. Mei 2024, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana ukiwa umenyofolewa viungo. Wengine watanijibu kwamba kinachopendwa ni maji ya kunde, si weupe uliopitiliza. Sawa, lakini basi tuelezwe mpaka kati ya weupe unaoongezewa ng'ombe na weupe unaokimbiwa umechorwa na nani, na kwa kipimo gani. Rangi yenyewe haiwezi kuuchora. Kinachosifiwa katika maji ya kunde ni kile tulichofundishwa kukiona nyuma yake: mji, fedha, kutokushika jembe juani, ukaribu na mtawala wa zamani.

Sidai kwamba mauaji ya watu wenye ualbino yalitokana na vigezo vya uzuri. Yalitokana na ushirikina na uroho wa mali. Lakini mambo hayo mawili yanaanzia hatua moja, nayo ni kuitenganisha ngozi na mwenye ngozi, kisha kuipangia bei.

Hatari ya "kila mtu na macho yake"

Baada ya hoja hizo, wengi hukimbilia upande wa pili na kusema: basi kila mtu na macho yake, tuache kuhukumiana. Kauli hiyo inasikika ya kistaarabu, lakini ina mtego. Ikiwa kila upendeleo ni sawa na mwingine, basi hatuna neno la kumwambia binti wa miaka kumi na saba anayenunua mkorogo, isipokuwa kumtakia matumizi mema. Hatuna neno la kumwambia baba anayeongeza ng'ombe kwa sababu ya rangi. Mwenye duka la vipodozi ataipenda sana falsafa hiyo, kwa kuwa inamwondolea lawama: yeye anawauzia watu wanachokipenda tu.

Lakini mapenzi nayo hutengenezwa. Kisiwani Fiji, televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wanafunzi wa kike wa sekondari wakati huo, akarudi mwaka 1998. Mara ya kwanza hakukuwa na aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwapo. Jamii iliyosifu mwili mnene kwa vizazi ilianza kuwaona mabinti zake wamezidi. Mabinti hao hawakuamka asubuhi wakachagua macho mapya. Walipewa. Simu zilizo mikononi mwa wanafunzi wetu leo, zenye vichujio vinavyong'arisha uso kabla hata mwenye uso hajaombwa ridhaa, zinafanya kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi.

Mwaka 1757 mwanafalsafa David Hume aliandika insha mashuhuri kuhusu kipimo cha ladha. Alikubali kwamba uzuri umo katika akili ya anayetazama, lakini akakataa kwamba macho yote ni sawa: yapo yaliyozoezwa, yaliyolinganisha mengi na kujitakasa na chuki, na hukumu yao ina uzito zaidi. Hoja hiyo naikubali kwa nusu. Inapohusu muziki au vinyago, naam. Inapohusu miili ya watu, swali la nani amejitakasa na chuki ni gumu mno, na historia ya karne zilizofuata inaonesha kwamba waliojiita waamuzi wa ladha ndio waliotuweka Waafrika mkiani. Hata hivyo kiini chake kinabaki. Jicho linaweza kuelimishwa, na jicho lililoelimishwa huona zaidi.

Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, mwigizaji kutoka Kenya mwenye asili ya Kiluo, watu wa ziwa hilihili letu, alisimulia hadharani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Kilichoanza kumfungua ni kumwona mwanamitindo Alek Wek, mwenye asili ya Sudan Kusini na mweusi kama yeye, akisifiwa na dunia. Anayesema uzuri ni macho tu atadai kwamba Lupita alibadili ladha moja kwa nyingine. Nadhani lililotokea ni kubwa kuliko hilo. Alikuwa amefundishwa kutokuona kitu kilichokuwapo, kisha akakiona. Mtu anaweza kukosea kuhusu uzuri, kwa maana kwamba chuki, woga au bei ya soko vinaweza kumziba macho. Na kama kukosea kunawezekana, basi kusahihishwa nako kunawezekana. Huo ndio uyakini ninaoutetea, mdogo na wa unyenyekevu: hatuna mizani, lakini tuna hoja.

Maswali matatu na wajibu wetu

Napendekeza kila kigezo cha uzuri kinachowekwa mbele yetu kiulizwe maswali matatu. Kimetoka wapi? Nani anafaidika nacho? Na anayejaribu kukifikia analipa nini? Mwanya hupita salama, kwa kuwa asiyezaliwa nao haumnyimi kitu kikubwa, ingawa anayechonga meno apaswa kujiuliza swali la tatu. Unadhifu wa nguo hupita, maadamu maskini anaweza kuufikia kwa maji na sabuni. Weupe wa ngozi huanguka katika maswali yote matatu.

Kwa watumishi wa umma na waajiri, jambo hili ni la sheria kabla halijawa la falsafa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na rangi ni miongoni mwa misingi iliyotajwa waziwazi, pamoja na ulemavu, jinsi na umri. Sura haikutajwa kwa jina. Mwanya huo wa kisheria ndimo yanamopita matangazo ya kazi yanayotaka mwombaji mwenye "mwonekano wa kuvutia". Mhasibu hahesabu kwa mashavu. Ibara ya 12 ya Katiba inatambua kwamba watu huzaliwa huru na sawa, na kwamba kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Ofisi inayochuja watu kwa sura imeweka daraja la safi na fifi kwa raia, na haina idhini ya kufanya hivyo. Mtu binafsi ana uhuru wa kupenda ampendaye. Taasisi haina macho ya kupendea, ina wajibu tu.

Kwa wanaharakati, nashauri msiishie kwenye kusaka makopo. Historia ya Operesheni Vijana inaonya kwamba ukimvamia mwanamke kwa sababu ya alichojipaka au alichovaa, unamwacha aliyeweka bei na kumpiga aliyelipishwa. Kazi ngumu zaidi ni kwenda kwenye vikao vya mahari, makanisani, misikitini na shuleni, na kulijadili dai lenyewe. Na mnapopita hazina za halmashauri mkidai bajeti, ulizeni losheni ya kuwakinga watu wenye ualbino imepangiwa kiasi gani.

Kwa wanafunzi wangu, mnaopenda kunibana niseme upande mmoja, jibu langu ni hili. Uzuri wa binadamu una sakafu ya pamoja ambayo hakuna jamii iliyoijenga, na una nyumba ambazo kila jamii imezijenga na inaweza kuzijenga upya. Anayekuuzia nyumba yake kwa jina la sakafu anakudanganya. Anayekuambia nyumba zote ni sawa, hata ile inayowaangukia wakazi wake, naye anakudanganya, kwa upole zaidi.

Mzazi wa Magu anayeketi leo kupanga mahari ya bintiye ana nafasi ya kufanya jambo dogo ambalo hakuna azimio la chama wala kifungu cha sheria kitakachomfanyia. Anaweza kukataa ng'ombe wa rangi, akapokea wale wa heshima tu. Kundi litapungua kidogo. Mabinti watakaokuwa wakisikiliza nyuma ya mlango, weusi kwa weupe, watakuwa wamesikia thamani yao ikitajwa bila bei ya ngozi.

Naomba kuwasilisha.